Mtaalamu wa Tramore

Jumatatu, 5 Machi 2012

Nafasi imepatikana! Dada anayewaandalia wazee burudani anahamia Calgary kumfuata mchumba. Mungu ambariki mchumba huyo. Miaka sita nimepiga deki katika makao haya ya wazee hapa Downsview, mimi Urbanus Komba, niliyefundisha jiografia Songea miaka tisa. Sasa kiti kiko wazi. Kiti chenye meza yake!

Meneja wetu, Bi. Nilofar, katuita waombaji ofisini. Tuko wawili tu. Mwingine ni Crispus wa jikoni, Mkenya, mrefu, mwenye gitaa na meno yote. Sharti ni moja: Jumamosi ya tarehe 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi wa Waairishi, kila mmoja atapewa nusu saa ukumbini. Atakayewafurahisha wazee ndiye mwenye kiti.

Bi. Nilofar akasema ingependeza kumuenzi Bi. Nora Power wa chumba namba 14. Ana miaka themanini na minane, kazaliwa mji mdogo wa pwani ya Ireland uitwao Tramore. Je, kuna anayeujua? Crispus akatikisa kichwa. Nikasikia sauti ikisema, "Tramore? Nimekaa kule." Ilikuwa sauti yangu.

Ukweli niuandike hapa tu. Mwaka 2003, nikija Kanada, ndege yetu ilikwepa ukungu ikatua Dublin. Nililala kwenye kiti cha uwanja wa ndege kwa saa tano. Sikuiona bahari. Hata Dublin sikuiona.

Bi. Nilofar kafurahi mno. Kasema kazi ni kama yangu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Domina, kwamba kazi ni kama yangu. Katoka zamu, kachoka. Kasikia kazi ni yangu. Akapiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Kisha akakaanga samaki mzima. Mtu hamsahihishi mwanamke aliyeshika samaki wa moto. Nitamwambia kesho.

Jumanne, 6 Machi

Sikumwambia.

Nimeshinda maktaba. Tramore maana yake ni pwani kubwa, kwa lugha yao ya asili. Mchanga kilomita tano. Zamani kijiji cha wavuvi, baadaye matajiri wa Waterford wakaja kuoga, hoteli zikaota. Palikuwa na mbio za farasi karibu na maji, mpaka bahari ikaumeza uwanja mwanzoni mwa karne iliyopita. Bahari ya watu makini!

Lakini lililonigusa ni reli. Ilijengwa mwaka 1853, kutoka Waterford hadi Tramore, maili saba basi. Haikuungana na reli nyingine yoyote. Miaka zaidi ya mia moja ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, haifiki mahali pengine. Nikamfikiria mtu fulani na deki yake kwenye korido ya ghorofa ya pili.

Nimejaza kurasa kumi na nne. Crispus ana nyimbo. Mimi nina maarifa.

Alhamisi, 8 Machi

Maafa.

Niliingia chumba namba 14 na deki, nikajifanya napitia chini ya kitanda, nikasalimia kama mwenyeji wa Tramore. Bi. Power aliweka miwani. Akauliza nilikaa sehemu gani. Nikasema karibu na ufukwe. Akasema Tramore nzima iko karibu na ufukwe. Akauliza, ukitoka kanisani, unapanda au unashuka kwenda baharini? Swali la mtego! Nilikuwa na nafasi moja kati ya mbili. Nikasema unapanda.

"Kijana," akasema (nina miaka arobaini na minne), "bahari unaipandia vipi?"

Nikakiri yote. Dublin, ukungu, kiti, saa tano. Nilitegemea atabonyeza kengele. Badala yake akaniambia nifunge mlango. Akasema atanyamaza, tena atanifundisha Tramore yote, mtaa kwa mtaa. Ila daktari kamkataza chumvi na kila kitu cha maana. Anataka chipsi. Chipsi nzito za kukaangwa, zenye siki nyingi mpaka karatasi ilowe. Mara mbili kwa wiki.

Mwanamke wa miaka themanini na minane! Nimefundisha wahuni wa kidato cha tatu, sijawahi kubanwa hivi.

Jumamosi, 10 Machi

Chipsi zimepita. Nilizificha kwenye ndoo kavu, juu nikaweka vitambaa. Bi. Power alikula kimyakimya, akalamba vidole, akanilipa kwa somo la kwanza: mahali paitwapo Guillamene, kwenye miamba, watu hujirusha baharini. Pana kibao cha zamani kisemacho wanaume tu. Aliogelea hapo akiwa na miaka kumi na saba, akatundika taulo lake juu ya kibao.

Tatizo ni siki. Harufu ilitoka chumba namba 14 ikatembea korido nzima kama mgeni anayetafuta choo. Bi. Nilofar akauliza ni nini. Nikasema ni njia ya asili ya kusafisha vioo. Kapendezwa. Kaniletea galoni mbili za siki, kasema niendelee na vioo vyote.

Vioo arobaini na moja. Mikono inanuka kama kachumbari. Crispus kapita akisema, "Mwalimu, leo madirisha zinang'aa vibaya sana." Ni dharau au ni sifa? Kwa Kiswahili chao huwezi kujua.

Jumapili, 11 Machi

Usiku wamesogeza saa mbele. Sikujua. Nikafika jumuiyani saa nzima nimechelewa, na hiyo ndiyo iliyoniua, maana mambo yalishapikwa.

Tunasali katika ukumbi wa chini wa ghorofa letu, hapa Dixon Road, Watanzania Wakatoliki kama ishirini. Nilipofungua mlango wote walisimama wakapiga makofi. Mama Genoveva, mwenyekiti wetu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akasema Mungu hamtupi mja wake, leo ndugu yetu kawekwa ofisini. Wakaimba. Wakanivisha tai mpya, nyekundu. Domina alikuwa ameshona gauni! Alikaa mbele, mikono mapajani, akinitazama kama siku ya ndoa yetu pale Peramiho.

Wakasema nitoe neno.

Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ulifunguka kwa ajili hiyo. Ukatoa hotuba ya dakika kumi na mbili juu ya uvumilivu. Mzee Pascal, baba yake Mama Genoveva, alilia.

Siku sita zimebaki. Sasa lazima nishinde. Si kwa ajili ya kiti tena.

Jumanne, 13 Machi

Mambo mawili. Moja la ushindi, moja sijui.

La ushindi: nimepata Mtu wa Chuma! Mwezi Januari 1816 meli iitwayo Sea Horse, yenye askari wanaorudi kutoka vitani pamoja na wake na watoto wao, ilipasuka katika ghuba ya Tramore. Walikufa watu mia tatu sitini na tatu, pwani ikiwaona. Baadaye wakajenga nguzo juu ya majabali ili mabaharia wasiichanganye tena ghuba ile na bandari salama. Juu ya nguzo moja wakasimamisha baharia wa chuma, mrefu kuliko watu wawili, koti la bluu, suruali nyeupe, mkono umenyooshwa: msije huku.

Nitamjenga. Ghala la jirani hutupa maboksi ya friji. Nguzo ni maboksi matatu, mwili ni bomba la bati la mashine ya kukaushia nguo, mkono ni mpini wa deki. Domina anapaka rangi jioni, anaimba. Anasema hajaniona hivi tangu nikiwa darasani. Binti yetu Clara kaangalia, kasema kwa Kiingereza kwamba Mtu wa Chuma anaonekana kama ana tumbo. Anaelewa Kiswahili chote, lakini matusi yake yote ni ya kigeni.

La pili: gitaa la Crispus lina spika. Nikaandika barua bila jina, nikatumbukiza kwenye sanduku la maoni: vipaza sauti vinaharibu vifaa vya masikio vya wazee. Bi. Nilofar, mwanamke wa haki, kapiga marufuku spika Jumamosi.

Na maikrofoni.

Kwa wote.

Wasikilizaji wangu thelathini na wawili, wanaosikia ni tisa.

Alhamisi, 15 Machi

Theluji imeyeyuka yote, joto la ajabu, watu wamevaa kaptula mwezi Machi. Chipsi za tatu. Bi. Power aliniambia habari za wasichana wa Tramore. Ukiruka kwa mguu mmoja, pekupeku, kuizunguka nguzo ya Mtu wa Chuma mara tatu bila kugusa chini mguu wa pili, utaolewa kabla ya mwaka kwisha. Aliruka. Nikauliza kama ilifanya kazi. Akasema alimrukia mmoja akapata mwingine, akaishi naye Toronto miaka arobaini na mitatu, na kwa kweli hakuwa na ubaya, ila alikuwa akikoroma.

Kisha akaacha kula.

Akasema aliondoka mwaka 1951, na treni ile ile ya maili saba. Mama yake alisimama stesheni na aproni, kwa kuwa alikuwa ameacha mkate ovenini. Hakumkumbatia. Alisema tu, "Nenda, mkate unaungua." Nora alikasirika njia nzima hadi Waterford. Miaka miwili baadaye mama akafa, nauli ya kurudi hapakuwa nayo, na tangu hapo hakurudi. Akasema hajawahi kumwambia mtu, hata yule wa kukoroma. Sasa ndiyo anaelewa kwamba hapakuwa na mkate.

Nilikaa pale na deki. Mama yangu yuko Songea. Tulipoagana aliniambia nisisahau sweta, akaingia ndani haraka.

Nilishika mkono wa Bi. Power. Tulikaa hivyo mpaka zamu ikabadilika.

Baadaye, ndani ya basi, nikawaza kwamba hadithi hii ukumbini ingemmaliza Crispus. Sitaitumia. Naandika ili nijue kwamba niliwaza, na kwamba sitaitumia. Ni akiba tu.

Jumamosi, 17 Machi

Andika, Urbanus. Andika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Mtu wa Chuma alikataa kuingia kwenye basi. Dereva alisema abiria wa bati hawapandi. Crispus, nani kamwambia sijui, akanipigia: "Mwalimu, niko na gari kubwa, nikubebee hiyo kitu?" Akambeba. Akamfunga mkanda. Alipomsimamisha ukumbini akamkaza na kamba aliyotoa kwenye buti la gari lake. Nilitafuta hila humo, sikuiona.

Nilitangulia mimi. Kurasa kumi na nne. Nilianza na mwaka 1785 kwa sauti ya kawaida. Nikahamia sauti ya kufundishia. Nikahamia kupiga kelele. Reli ya Tramore nimeieleza kama mtu anayeita zimamoto. Mzee wa mstari wa mbele akauliza kama hii ndiyo bingo.

Hapo mlango ukafunguka. Domina! Na Mama Genoveva, na wanawake wanne wa jumuiya, wote sare ya kitenge kimoja, wamekuja kunitazama kwenye kazi yangu mpya. Wakakaa nyuma. Domina akanipungia mkono.

Jasho. Nikatupa karatasi. Nikasema nitawaonyesha mila ya nguzo. Nikavua viatu na soksi, nikapandisha suruali, nikaanza kuruka kwa mguu mmoja. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili nikamshika Mtu wa Chuma nyonga. Kamba ya Crispus ilishika nguzo. Lakini bati ndilo liliachia. Baharia alikuja taratibu, mkono mbele, akatua na kichwa ndani ya birika kubwa la chai. Mimi nikafuata, nikakaa kwenye keki ya kijani.

Walicheka. Mungu wangu, walicheka! Mzee wa bingo alitoa meno yake ili acheke vizuri. Bi. Power alijifuta machozi kwa leso. Bi. Nilofar alishika ukuta. Hata walinzi wa getini waliingia.

Ningenyanyuka hapo nikainama kwa heshima, yangekwisha. Lakini nilimwona Domina nyuma hacheki. Kafunika mdomo. Nikafikiri ananionea aibu. Mimi, mwalimu, makalio yana krimu mbele ya Mama Genoveva. Nikataka heshima yangu irudi. Nikanyoosha mkono wanyamaze, nikashusha sauti, nikasema: nilipokuwa Tramore nilisimama stesheni, nikaona kwa macho haya mama mmoja mwenye aproni akimuaga bintiye.

Nilieleza yote. Mkate. Treni. Ukumbi ulinyamaza hadi ukasikia friji. Wanawake wa jumuiya walianza kulia. Nilijiona nimeshinda. Nakumbuka vizuri kwamba nilijiona nimeshinda.

Bi. Power alisimama. Ilimchukua muda, akishika kiti cha jirani. Akasema polepole, kila mtu akasikia bila maikrofoni:

"Treni ile iliacha kufanya kazi mwaka 1960. Ulikuwa na miaka mingapi?"

Nimezaliwa 1968.

"Wewe ulilala kwenye kiti Dublin. Hilo sikujali. Lakini yule ni mama yangu. Nilikuambia wewe peke yako."

Akakaa. Hakunitazama tena.

Sijui nilitokaje katikati. Nakumbuka Crispus akivuta kiti hadi miguuni pa Bi. Power, akimuuliza mama yake alikuwa anaitwa nani. Akasema Brigid. Crispus akapiga gitaa bila spika, taratibu, kitu kisicho na maneno, na Bi. Power akamshika mkono wa shati, hakuuachia mpaka mwisho.

Kazi ni ya Crispus. Bi. Nilofar kaniita kando. Kasema, na hili ndilo litakalonizika, kwamba nilipoanguka kwenye keki alikuwa ameshaandika jina langu. Wazee hawajacheka hivyo tangu afike. Ningenyamaza tu.

Jumapili, 18 Machi

Sikwenda jumuiyani. Domina hakwenda pia. Alikaa kwenye kochi na sare yake ya kazi ingawa leo hana zamu. Ndege za uwanja wa Pearson zilipita juu yetu moja baada ya nyingine.

Nikamweleza kwamba siku ile alisikia vibaya. Akasema, "Baba Clara, na Jumapili ile nilisikia vibaya? Ulitoa hotuba."

Akasema kazi si kitu. Deki amenivumilia nayo, deki ataendelea nayo. Ila amefunga siku tatu akimshukuru Mungu, alikuwa anashukuru peke yake, na mimi nilikuwa namwangalia anavyoshukuru. Akasema jana alipofunika mdomo alikuwa anajizuia kucheka, asije akajikojolea mbele ya Mama Genoveva. Alikuwa anajivunia.

Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, si kwa nguvu. Ingekuwa kwa nguvu ningejua la kufanya.

Clara kaniletea chai. Hakusema neno kwa lugha yoyote.

Jumanne, 20 Machi

Nilibisha hodi chumba namba 14 bila ndoo wala deki. Sikuwa na hotuba. Nilisema, samahani, Bi. Nora, nilichukua kitu chako. Akasema ndiyo. Nikasema nilifikiri watu wataniheshimu. Akasema walikuwa wanakupenda dakika tano nzima, hiyo haikutosha?

Nililia kidogo. Naye akanisubiri.

Alisema kuna njia ya kulipa. Hajui kama kaburi la mama yake lina jiwe. Niandike barua kwa paroko wa kule, niombe picha. Barua fupi, ya kweli, kwa jina lake. Akanitajia maneno, nikayaandika: Mimi ni Nora Power, niliondoka mwaka 1951, mama yangu ni Brigid, naomba picha ya kaburi lake kama lipo. Sentensi moja. Akaisoma, akaikunja mwenyewe, akanikabidhi niiposti.

Crispus kanifuata chumba cha kubadilishia nguo. Kasema anataka kila Jumatano niwafundishe wazee ramani, nusu saa, ameshaongea na Bi. Nilofar. Sharti lake ni moja: nchi nilizofika tu, au niseme wazi sijafika. Tukapeana mikono. Mkono wake mkubwa, mkavu. Nilipanda basi kichwa chepesi. Domina alinipakulia chakula, akakaa kula nami. Hatukuongea sana. Lakini alikaa.

Nimeapa. Sitasema tena neno lisilo kweli, dogo wala kubwa.

Jumatano, 21 Machi

Nikiwa njiani kwenda posta nilifungua barua. Kuangalia tu anwani imekaaje.

Ni barua nzuri. Ni ya kweli. Lakini ni fupi mno! Paroko mwenye shughuli atapokea sentensi moja kutoka kwa kikongwe asiyemjua, ataiweka rafuni, na Bi. Power atasubiri mpaka afe. Nani atamtetea? Hii si kwa ajili yangu. Hii ni kwa ajili yake, kwa hiyo ni jambo tofauti kabisa.

Nikaingia maktaba, nikaichapa upya. Maneno yake yote nimeyaacha. Nimeongeza aya tatu tu, na saini: Daktari U. Komba, Mkurugenzi wa Mambo ya Ireland, Kanda ya Toronto. Nikaeleza kwamba suala hili linafuatiliwa katika ngazi za juu. Ili wasilegee, nikasema nitakuja mwenyewe mwezi Juni, kukagua kaburi, pamoja na ujumbe rasmi, naomba tupokelewe stesheni.

Nimeiposti. Ilipoanguka ndani ya sanduku ndipo nilipokumbuka kwamba stesheni haipo.

Si neno. Watatafuta mahali pengine. Nimewaambia tuko wajumbe kumi na wawili. Nilikuwa nimeandika sita, lakini kumi na wawili ilikaa vizuri zaidi kwenye mstari.